Gauni Lenye Mfuko

3 Februari

Shangazi, shikamoo.

Utashangaa kuona bahasha nene hivi. Nimejaribu kukupigia simu, na kila mara wifi anapokea na kuniambia umepumzika. Nikakumbuka maneno yako kwamba simu humfanya mtu aseme kabla hajafikiri. Basi nimekaa, nimefikiri, na sasa naandika.

Wodi yako iko kama ulivyoiacha. Gurudumu la toroli bado linalia. Karatasi yako ya masharti bado imebandikwa kwenye mlango wa kabati la madawa. Imekuwa na rangi ya chai, na hakuna aliyethubutu kuibandua. Asubuhi na jioni muuguzi wetu mama Sajini husimama na toroli katikati ya ukumbi, wagonjwa wakapanga foleni, kila mmoja akapewa kikombe, akameza, akafungua kinywa, akainua ulimi, akapita. Wageni hufundishwa na wenyeji kabla sisi hatujasema neno.

Sasa kuna jambo. Daktari wetu mpya anataka wagonjwa wanaokaribia kuruhusiwa wajitunzie dawa zao wenyewe humu humu wodini. Kila mmoja awe na droo yenye kufuli kando ya kitanda, akae na ufunguo, na anywe dawa mwenyewe. Sisi tupite kuhesabu tu. Siku alipolisema hilo, chumba cha wauguzi kilichemka. Sajini alitoka nje akaubamiza mlango, akarudi akaufungua, akaubamiza tena.

Mimi, Shangazi, nimemwunga mkono daktari. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Unamkumbuka Fundi, yule mwanamke mrefu aliyetushonea mapazia ya wodi? Ameingia na kutoka humu mara nyingi, na kila mara mambo ni yale yale. Hapa anapata nafuu kwa sababu tunamtilia dawa mdomoni. Akifika nyumbani hakuna toroli, hakuna Sajini, siku zinavurugika, akili inafuata, na baadaye analetwa akiwa amefungwa mikono kwa shuka. Safari hii kaka yake amesema mbele yangu, "Dada yangu nampenda, lakini mimi nina duka na watoto, siwezi kuwa muuguzi. Mkinihakikishia kwamba anaweza kunywa dawa bila kusimamiwa, nitamchukua. Ikifika mwisho wa Aprili hamjanihakikishia, chumba chake cha kushonea nampa mtu mwingine."

Fundi alikuwa amesimama pale pale. Hakulia. Aliuliza tu, "Na mkasi wangu?"

Tuna kikao mwishoni mwa mwezi huu. Ukitaja neno hapa, watu bado wanakaa wima. Niandikie mistari michache ya kuniunga mkono, niisome kikaoni.

Ni mimi binti yako,
Msimamizi wa Wodi ya Wanawake


11 Februari

Binti yangu, marahaba.

Kwanza, andika dawa, si madawa. Pili, jibu langu ni hapana.

Hukuniuliza kwa nini magauni ya wodi hayana mifuko. Wote wanadhani ni ubahili wa washonaji. Kabla hujaajiriwa, magauni yale yalikuwa na mifuko, mmoja kila upande. Tulikuwa na mgonjwa, mwalimu wa watoto wadogo, binti mpole aliyesema asante kwa kila kitu. Kila jioni alipokea dawa, akaificha chini ya ulimi, akaitia mfukoni. Alikuwa akiikusanya, na sisi tulikuwa tukimsifu kwa utulivu wake. Usiku alipozimeza zote pamoja, hatukumwahi.

Wiki ile ile nilichukua mkasi nikaiondoa mifuko yote, gauni baada ya gauni. Wiki ile ile nikaanzisha sharti la kuinua ulimi. Mlinicheka kwa sharti hilo na kwa funguo nilizozivaa kiunoni, mkaniita Bi Funguo, nami nikalikubali jina. Kwa hiyo unaponiambia kwamba mgonjwa akae na ufunguo, mimi sioni ufunguo. Naona mfuko.

Fundi namkumbuka. Ni mtu mwenye adabu. Hata yule mwalimu alikuwa na adabu.

Unaniambia akifika nyumbani hakuna toroli. Ni kweli, na ni jambo la kusikitisha. Lakini likitokea jambo nyumbani, litakuwa limetokea nyumbani. Likitokea wodini, litakuwa limetokea mikononi mwako, na utalala nalo maisha yako yote. Sikutakii hilo.

Kuhusu mimi, usiwe na wasiwasi. Mguu umeteguka kidogo bafuni. Sakafu ilikuwa na maji. Mwanangu na mkewe wananishika kama yai.

Ukitaka kuisoma barua hii kikaoni, isome yote au usiisome kabisa.

Shangazi yako


15 Februari

Wifi yangu,

Habari za kazi? Naandika nikiwa nimejifungia jikoni, mama asijue. Ameniambia ameshakujibu, na ninavyomfahamu, hajakwambia kitu.

Sakafu ya bafuni ilikuwa kavu. Mama alizimia. Zahanati walisema presha ilishuka mno, kana kwamba amekunywa dawa mara mbili. Dawa zake tunampa sisi wenyewe tangu alipoanza kuzitumia, ili apumzike, maana amewahudumia watu vya kutosha. Lakini kopo lilikuwa linakaa mezani. Tunadhani alisahau kwamba ameshapewa, akajichukulia nyingine. Umri, wifi. Tulipomwuliza hakukataa wala hakukubali.

Basi tumenunua kopo lenye kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni.

Siku ya kwanza nilipompelekea kidonge kutoka kwenye kopo hilo, alifungua kinywa, akameza, halafu akainua ulimi. Nilidhani ananitania, nikacheka. Nilipomtazama usoni, niliona hatanii. Tangu siku hiyo hasemi sana. Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akiangalia mikono yake.

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Ukimwandikia, mwandikie mambo ya kazi. Barua zako ndizo anazozisoma mara mbili mbili.

Wifi yako


24 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimeandika dawa, umeona?

Barua yako niliisoma kikaoni yote, hata pale panaponipinga. Nilipofika kwenye ule mfuko, mfamasia aliacha kuandika. Baadhi yao hawakujua. Daktari alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Halafu wakaanza. Mfamasia alisema, "Huku ni kumpa abiria usukani." Daktari akamjibu, "Na siku akishuka hapa getini, usukani utaushika wewe? Utamfuata hadi kwake?" Mhudumu wa zamu ya mchana akasema wataibiana, na atakayesingiziwa ni yeye. Yule muuguzi wetu mdogo, anayesema kwa sauti ya chini hata akiwa amekasirika, alisema jambo lililonigusa: "Mimi naogopa, sitaki kudanganya. Likitokea la kutokea, hamtasimama ninyi mbele ya ndugu wa mgonjwa. Nitasimama mimi niliyekuwa zamu."

Sajini alingoja wote wamalize. Unamjua. Akasimama, akakaza mkanda wake, akasema, "Mimi toroli hili nimelisukuma tangu magurudumu yake yakiwa mapya. Leo naambiwa kila mtu ajinyweshe. Sawa. Mimi nitafanya nini, niwaimbie?"

Tulicheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilielewa, Shangazi. Hakuwa anauliza kuhusu wagonjwa. Alikuwa anauliza kuhusu mikono yake.

Ni barua yako iliyotupa njia. Daktari alisema, "Kama hatari ni kukusanya, basi pasiwe na cha kukusanya." Tutaanza na mgonjwa mmoja tu, Fundi. Droo yake itatiwa dawa za siku chache, kiasi ambacho hata akizinywa zote kwa pamoja hazitamdhuru. Kila zikikaribia kwisha tutahesabu na kuongeza. Sajini akaweka sharti lake mbele ya wote: "Kikizidi kimoja au kikipungua kimoja, droo inafungwa na mgonjwa anarudi kwenye foleni yangu." Wote wakakubali. Nami nikakubali.

Jana tulimkabidhi Fundi ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili. Kisha akatafuta mahali pa kuutia, akapapasa gauni upande huu na upande ule, na hakuna mfuko. Akachomoa uzi kwenye pindo la gauni, akausokota, akaufunga ufunguo kwenye kifundo cha mkono. Amelala nao.

Mguu unaendeleaje? Unapata mtu wa kuzungumza naye?

Ni mimi binti yako,
Msimamizi


2 Machi

Binti yangu, marahaba.

Nakushukuru kwa kuisoma yote. Hilo la dawa za siku chache ni jambo la busara. Sisi hatukulifikiria, tulifikiria mkasi.

Bado sikubaliani nanyi. Ila mkishaamua, fanyeni sawasawa. Mnapohesabu, hesabuni naye akiwepo, na yeye ndiye ahesabu kwa sauti. Msihesabu mgongoni mwake kama wakaguzi wa ghala.

Niambie jambo moja. Fundi akiwa na kidonge chake mkononi, hukiangalia? Huwa anasoma jina lake kwenye pakiti? Au anafumba macho na kumeza kama zamani?

Nauliza tu.

Mguu hauna neno.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua ya furaha, nikaichana.

Nijibu kwanza swali lako. Ndiyo, hukiangalia. Anasoma jina lake kwenye pakiti akilifuata kwa kidole, anakiweka kidonge kwenye kiganja, na kabla ya kumeza anakiambia, "Haya bwana, kazini." Wagonjwa wenzake wamelidaka neno hilo, sasa hata kwenye foleni ya Sajini wanaambizana, "Haya bwana, kazini." Kila tulipohesabu, ilikuwa sawa. Alikuwa amenenepa kidogo. Alianza kuniuliza bei ya vitambaa.

Halafu juzi tukahesabu, na kimoja kimezidi.

Nilikuwepo mimi, daktari na Sajini. Fundi ndiye aliyehesabu kwa sauti, kama ulivyoelekeza, na alipofika kile cha mwisho sauti yake haikutetemeka. Alijua kwamba kipo. Nikamwuliza, "Umekiruka?"

"Sikuruka dawa siku yoyote."

"Basi mbona kipo?"

Akanyamaza. Nikamwuliza tena kwa upole, nikamwuliza kwa ukali, daktari akamwuliza. Kimya. Anatazama ule ufunguo mkononi mwake.

Sajini hakushangilia, sitamsingizia. Alisema tu, "Nilijua," kwa sauti ya mtu aliyechoka. Siku ya Ijumaa kuna kikao. Droo itafungwa, na mimi nitampigia simu kaka yake kumwambia kwamba hatuwezi kumhakikishia kitu. Leo asubuhi mfamasia alinipita kwenye ujia akanigusa bega kama mtu anayetoa rambirambi.

Kinachoniuma si kidonge, Shangazi. Ni kwamba siku zote hizo niliamini kwamba namjua. Ulisema kweli: hata yule mwalimu alikuwa na adabu.

Binti yako


22 Machi

Binti yangu, marahaba.

Barua hii anakuletea mwanangu kwa mkono, maana posta haitafika kabla ya Ijumaa. Nimemwambia asiifungue. Ataifungua. Si neno, kuna mambo humu ambayo yeye pia anapaswa kuyasoma.

Usimpigie simu mtu yeyote. Sikiliza kwanza.

Kidonge kilichozidi kwenye droo kina maana mbili, nanyi nyote mmeona moja tu. Huenda hakunywa. Au huenda alikunywa kingine, na ndiyo sababu hiki kikabaki. Kingine angekipata wapi? Wodi nzima ina sehemu moja tu inayotoa vidonge nje ya kabati, nayo ina gurudumu linalolia. Sajini amemtilia Fundi dawa mdomoni miaka na miaka. Mkono wa namna hiyo hauwezi kusahau kazi yake kwa sababu ya kikao kimoja. Mwulize Sajini, si Fundi. Mwulize mkiwa wawili tu, na umwulize kwa heshima.

Sasa utataka kujua ninavyojua. Sakafu ya bafuni ilikuwa kavu.

Siku ile mwanangu alikuwa na haraka, akanipa dawa yangu kabla ya kwenda kazini. Mkewe hakujua. Baadaye akaniletea kikombe na kidonge kama kawaida, akasema, "Mama, dawa." Nami nikafungua kinywa. Mimi, niliyehesabu dawa za wodi nzima nikiwa na homa, nikiwa na msiba, nikiwa sijalala, nilifungua kinywa mara mbili asubuhi moja, kwa sababu kuhesabu hakukuwa tena kazi yangu. Nilikumbuka nikiwa nimeshaanguka.

Waliponiuliza, nilinyamaza. Ningesema, wangeanza kuulizana ni nani kati yao aliyekosea, na ni watoto wazuri, hawakustahili ugomvi huo. Nikaona bora waseme ni uzee. Wakanunua kufuli.

Kwa hiyo ukimya wa Fundi naujua. Nimekaa ndani yake tangu mwezi uliopita.

Ila tazama tofauti iliyopo. Mimi nilipoletewa cha pili, nilikimeza. Yeye, kama ninavyodhani, alikuta kimoja kimeshaingia bila hiari yake, na alipofungua droo akakiacha cha pili. Hivyo ndivyo angefanya muuguzi yeyote mwenye akili. Hakuna muuguzi aliyemfundisha. Alifanya hivyo kwa sababu droo ilikuwa yake.

Kama nimekosea, nitakuomba radhi. Sidhani kama nimekosea.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Binamu alifika na bahasha iliyofunguliwa ikafungwa tena kwa gundi, na macho mekundu. Alinikabidhi tu. Alinywa maji, akaomba aende kukaa bustanini kidogo.

Nilimfuata Sajini kwenye chumba cha kufulia, tukiwa wawili tu kama ulivyosema. Nikamwuliza kama kuna siku alimpa Fundi dawa kwenye foleni. Akasema, "Mimi? Thubutu." Akaendelea kukunja mashuka. Akakunja moja, akakunja la pili, la tatu likabaki mikononi. Akasema, "Siku ile maji yalipokatika." Siku ile tulipokea mgonjwa mpya anayepiga kelele, wahudumu wote walikuwa kwake, na Sajini alikuwa peke yake na toroli. Fundi alikuwa amesimama kwenye foleni kumshikia mkono yule bibi kizee wa kitanda cha pembeni, anayeogopa msongamano. "Nilimwona mbele yangu, Msimamizi. Nilimwona tu. Nikamwambia, fungua kinywa." Akaketi juu ya mashuka.

Nilimwambia kwamba kikaoni nitasema mimi, na sitataja jina. Akainuka, akalikunja lile shuka la tatu.

Ijumaa wote walikuwepo. Daktari aliniambia amemwita kaka yake Fundi pia, ili asikie mwisho wa mambo kwa masikio yake. Fundi alikaa karibu na mlango, ufunguo kifundoni. Kabla sijafungua mdomo, Sajini alisimama, akakaza mkanda, akasema:

"Kidonge kile nilimpa mimi. Kwa mkono wangu huu. Mkono ulitangulia, akili ikafuata baadaye, na akili yangu siku hizi inatembea polepole. Fundi, ni kweli au si kweli?"

Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mama. Na mimi kinywa changu kilitangulia."

"Na mbona ulinyamaza siku zote hizi, nikikusimamia pale kama jabali?"

"Ningesema, nani angeniamini? Mgonjwa anasema muuguzi amekosea." Kisha akaongeza, "Halafu aliyekuwa anajaribiwa ni mimi. Sikujua kama na wewe ulikuwa unajaribiwa. Niliona mmoja wetu akianguka inatosha."

Shangazi, nimefanya kazi wodini miaka mingi, sijawahi kuona Sajini akilia. Alilia kama toroli lake, kwa sauti ya kukwaruza.

Daktari akamwuliza Fundi, "Ulipofungua droo jioni ile, ulifikiria nini?" Fundi akajibu, "Cha asubuhi kilikuwa kimebaki kwenye pakiti. Nikajua kimeshaingia kingine. Nikakiacha mahali pake, wakati wa kile cha jioni ukafika, nikanywa cha jioni. Kwani ningefanya nini?"

Mfamasia, yule wa usukani, akapiga meza kwa kiganja. "Huyo," akasema, "ningemwajiri!"

Kaka yake alikuwa ameshika kofia yake. Akaniuliza, "Sasa mnanihakikishia?" Kabla sijajibu, Sajini akamgeukia. "Mimi ndiye niliyesema kikizidi kimoja droo ifungwe. Leo nasema hivi: dada yako ana akili ya dawa kuliko mimi siku ile. Mchukue. Na ukimzengeazengea na vikombe vya maji na vidonge mkononi, nitakuja huko huko dukani kwako."

Kikao kikaamua kwamba wote wanaokaribia kuruhusiwa watapata droo. Nani atakayewafundisha kusoma pakiti zao na kujihesabia? Wamemchagua Sajini. Ameuliza kama katika kazi hiyo kuna kuimba.

Barua yako aliyoileta binamu sikuisoma kikaoni. Niliona hiyo ni ya nyumba yenu. Lakini nilimwomba Fundi ruhusa, nikamsimulia kidogo, na yeye anataka kukuandikia.

Binti yako mwenye furaha


16 Aprili

Kwa Mama Bi Funguo, shikamoo.

Samahani kwa kukuita hivyo, ndivyo tulivyokuita sisi wa wodini, ukiwa umegeuka.

Nimefika nyumbani. Chumba changu kipo. Cherehani ilikuwa imefunikwa gunia, na mkasi wangu nimeukuta umepakwa mafuta na kufungwa kwenye kitambaa. Kaka anasema aliupaka yeye kila mwezi. Hakuwahi kuniambia. Watu wa kwetu wananyamaza sana, nami ni mmoja wao.

Dawa zangu ziko kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano. Sindano huniuma nikizisahau, kwa hiyo droo ile siisahau.

Binti yako Msimamizi amenipa kazi. Magauni ya wodi yatiwe mifuko, mmoja kila gauni, upande wa kulia. Amesema daktari amekubali, kwa kuwa sasa droo zinahesabiwa na mwenyewe akiwepo. Nilimwambia kwamba nitaanza na gauni la yule aliyeitoa mifuko. Alinieleza ulivyo mrefu, na mabega nayakumbuka mwenyewe. Kitambaa ni kigumu kidogo, kitalainika ukikifua. Mfuko nimeushona mara mbili, hautachanika kwa uzito wa ufunguo.

Kama mtakuwa mmemalizana huko nyumbani, utautumia. Kama bado, utie leso, uendelee kungoja.

Ni mimi Fundi


25 Aprili

Kwa Fundi, marahaba.

Gauni limefika, na limenikaa. Mishono nimeikagua kwa ndani, kama nilivyokuwa nikikagua mapazia yako. Sina la kusahihisha, na wanaonijua watakwambia kwamba hilo si jambo dogo.

Mkamwana wangu ndiye aliyenivalisha. Mumewe alikuwa ameshamsimulia yote aliyoyasoma njiani. Hawakugombana. Waliketi jikoni wakacheka kwa aibu, kila mmoja akitaka kosa liwe lake. Alipokwisha kunifunga vifungo, aliona mfuko, akautia mkono, akaupima kina. Kisha akavua kamba shingoni mwake, akautia ufunguo humo, na hakusema neno. Nami sikusema. Siku hizi tunajitahidi kuacha kunyamaza, lakini siku hiyo ukimya ulifaa.

Yule mwalimu simsahau. Mifuko yenu mkiishona, ishoneni, na vidonge vihesabiwe kila mtu akiwepo mwenyewe.

Leo asubuhi nilifungua kopo mwenyewe. Nilisoma jina langu kwenye pakiti nikilifuata kwa kidole. Nikakiweka kidonge kwenye kiganja, nikakiambia, "Haya bwana, kazini," nikameza. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji ya ziada, asijue aingie au asiingie. Nilimtazama, akanitazama. Nikafunga kinywa changu, na hakuna aliyeniomba nikifungue.

Ni mimi,
Bi Funguo